Umejuaje? Swali la Bwana Msa

Ndugu wasikilizaji, wiki hii naomba siasa ikae pembeni kidogo, na bei ya kahawa nayo itungoje. Nataka tuzungumzie vitabu. Wala sisemi vitabu vya shule. Nasema vile vya hadithi za upelelezi, ambavyo wazazi wengi wakivikuta chini ya mto wa mtoto huvichukua na kuvifungia kabatini, wakidai vinampotezea muda. Na ndani ya hivyo nachagua aina moja tu: zile hadithi ambazo mpelelezi wake si askari, hana bastola, hana kitambulisho wala mshahara wa kazi hiyo. Ni mtu wa kawaida kama wewe na mimi, jirani mwenye macho na subira. Kwa nini hadithi hizi zinapendwa hivi? Na sisi wa huku milimani zinatufaa nini?

Tuanze na wa kwetu. Wale waliosoma Kiswahili zamani kidogo watamkumbuka Bwana Msa. Aliyemtunga ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Mzee huyu alianza kazi kama bwana afya, kisha akaingia katika uandishi wa habari, na baadaye akawa mhariri wa gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapwa kitabu mwaka 1960. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Mzee Abdulla alifariki mwaka 1991, lakini Bwana Msa wake hajafa.

Bwana Msa ni mtu wa namna gani? Ni mtu wa kiko. Anavuta kiko chake, anakaa, anasikiliza, anafikiri. Pembeni yake yupo rafiki yake Najum, ambaye mara nyingi anaona yale yale anayoyaona Bwana Msa, ila hayapangi kama yeye. Na tazama majina ya vitabu hivyo. Mzimu, Giningi! Giningi ni jina ambalo Wazanzibari hulitaja wanapozungumzia makao ya wachawi. Mwandishi aliwapeleka wasomaji wake mahali hasa ambapo watu wakifika huacha kuuliza. Mtu akifa mzimuni, nani tena ataleta maswali? Si jambo la mizimu hilo? Bwana Msa ndiye anayeuliza. Hamtukani anayeamini mizimu, wala hamcheki. Anachotaka kujua ni nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika.

Wapo wapelelezi wengine wengi katika Kiswahili, na wapenzi wao ni wengi. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo na Inspekta Wingo wake. Marehemu Elvis Musiba alitupa Willy Gamba, jasusi wa kupanda ndege na kufyatua risasi. Marehemu Ben Mtobwa alitupa Joram Kiango. Hao ni mashujaa, na tuliwasoma kwa taa ya chemli hadi mafuta yakaisha. Lakini msomaji wa Willy Gamba anajua moyoni kwamba yeye hatakuwa Willy Gamba hata siku moja. Msomaji wa Bwana Msa anaweza kukifunga kitabu akasema, hata mimi ningeweza kuliona lile, kama ningetulia.

Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo siri ya kwanza ya utamu wake.

Wenzetu wa Uingereza nao wana mtu wao. Mwandishi Agatha Christie, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali na ndiko alikozijua sumu, alimtunga bibi mmoja aitwaye Miss Marple. Kitabu chake cha kwanza kamili kilitoka mwaka 1930. Bibi huyu hakuolewa, ni mzee, anafuma sweta, anapalilia maua yake katika kijiji kidogo. Polisi wanamwona ni kikongwe wa kupigia soga. Kumbe anafumbua mauaji yaliyowashinda wao, na njia yake ni moja: kila mtu anayekutana naye humlinganisha na mtu fulani wa kijijini kwake. Ameona uchoyo, wivu na tamaa za kijiji kimoja kwa miaka sitini, na haoni kwamba mjini pana tamaa mpya.

Na Afrika hii hii, mwaka 1998, Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Bulawayo, alianza kutoa hadithi za mama mmoja wa Botswana, Precious Ramotswe. Mama huyu aliuza ng'ombe alioachiwa na baba yake akafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone. Mtaji wake mwingine ni chai na masikio. Vitabu hivyo vimesomwa dunia nzima.

Sasa njooni nami Machame. Nauliza, kama kweli mtunzi angetaka kijiji cha hadithi ya namna hiyo, angepata wapi kizuri kuliko hapa? Kihamba kimegusana na kihamba. Njia zetu ni nyembamba, huku masale, huku migomba, na huwezi kupita bila kukutana na mtu, wala kukutana na mtu bila kusalimiana, wala kusalimiana bila kuulizwa unatoka wapi. Maji ya mfongo yana zamu, na kila mtu anajua zamu ni ya nani. Jumapili baada ya ibada kuna mnada, na anayenunua mkungu wa ndizi kwa bei ya kujionyesha anajulikana, na asiyenunua anajulikana pia. Ukifika Desemba ndiyo kabisa. Wana wa ukoo wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko, wanakusanyika ua mmoja, mbuzi anachinjwa, mbege inazunguka. Na pale pale, chini ya vicheko, lipo shauri la mpaka wa kihamba ambalo halijaisha tangu babu alipofariki. Agatha Christie alihangaika kuwakusanya watu wake wote katika nyumba moja ili hadithi ianze. Sisi tunakusanyika wenyewe kila Krismasi.

Basi tuna kila kitu. Macho tunayo, masikio tunayo, habari za jirani tunazo kupita kiasi. Kinachotupungukia ni lile swali la Bwana Msa. Mtu akisema, "Fulani ndiye," hatumuulizi: umejuaje?

Nitawapa mfano. Mwishoni mwa miaka ya 80, mimi nikiwa bado mtoto, mzee mmoja jirani yetu aliamka akakuta gunia moja la kahawa kavu halipo ghalani. Ilikuwa mwezi wa 11, mvua za vuli zimeanza. Haikupita saa moja watu wakawa wamemkamata kijana kibarua, mtu wa kuja, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe. Alifungwa mikono kwa kamba ya mgomba. Wengine walishakata fimbo.

Akaja mama mmoja mjane, kikapu mgongoni. Mama huyu, niwaambie ukweli, kijijini aliitwa mmbea. Akamuuliza yule aliyepiga kelele kuliko wote: "Mwanangu, umejuaje kuwa ni huyu?"

Akajibiwa: "Mama, ni nani mwingine? Wa hapa sote tunajuana."

"Kama tunajuana," akasema, "basi tuulizane."

Alfajiri alikuwa ameenda mfongoni kuchota maji. Njiani aliona punje za kahawa, moja hapa, tatu pale, akaziokota akazifunga kwenye pindo la kanga, maana kahawa haitupwi. Sasa akazifungua mbele ya watu. Gunia lilikuwa limetoboka, na punje zilifuata njia ya mfongo kwenda juu. Mwizi mgeni angeteremka barabarani kuliko na magari. Angepanda juu kutafuta nini? Hakutaja jina la mtu. Alimwomba mwenye mali achukue wazee wawili waifuate njia ile. Gunia likakutwa chini ya majani makavu ya migomba, nyumbani kwa mtoto wa ndugu yake mwenyewe.

Mambo yakaisha kwa wazee. Isale lilipelekwa kwa mwenye kahawa kuomba msamaha, kama ilivyo desturi, akapokea. Yule kibarua alifunguliwa kamba. Kwake yeye sikuona aliyepeleka isale. Wiki ile ile alifungasha, akaondoka.

Ndugu wasikilizaji, hadithi za Bwana Msa na za Miss Marple zina kanuni moja ambayo kila mpenzi wake anaijua: yule anayeshukiwa kwanza, mara nyingi siye. Mgeni siye. Maskini siye. Kikongwe mwenye kuongea peke yake siye. Mtunzi anatuwekea mtu wa kumshuku kwa urahisi, nasi tunamshuku, kisha kurasa za mwisho zinatuonyesha kwamba tulimshuku kwa sababu hatumpendi tu. Msomaji akishapitia vitabu vitano vya namna hiyo, anaanza kujihoji hata nje ya kitabu. Huo si upotezaji wa muda. Ni mazoezi.

Na mazoezi hayo nchi hii inayahitaji. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wapo bibi zetu waliouawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na moshi wa jikoni wa miaka hamsini haukuulizwa. Mijini mtu akipigiwa kelele ya "mwizi!" watu hutafuta mawe kabla ya kutafuta kilichoibwa. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika. Lakini ibara hiyo haifiki sokoni kwa kasi ya jiwe. Na siku hizi hata jiwe halihitajiki. Picha ya mtu inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na maneno matatu chini yake, na kabla ya jioni amekwisha hukumiwa na watu wasiomjua, walio Moshi, Mwanza na Muscat. Wote wamesambaza. Ukimuuliza mmoja mmoja, umejuaje, atakuambia, "Nimetumiwa."

Sisemi kila mtu aanze upelelezi. Wapo watakaolichukua neno langu wakaanza kuchungulia madirisha ya watu. Hapana. Tazameni vizuri wanavyofanya wenyewe vitabuni. Bwana Msa anatumia akili, kisha jambo linaishia kwenye vyombo vya sheria. Hafungi mtu, hapigi mtu. Na mmbea na mpelelezi, ingawa wote wawili wanajua habari za kila nyumba, wametengana mahali pamoja: mmbea anaanza na jina kisha anatafuta habari za kulivika. Mpelelezi anaanza na habari, na jina linakuja mwisho, tena pengine halitoki kinywani mwake.

Kuna watakaosema hadithi hizi zinadanganya, kwa kuwa duniani wakosaji wengi hawapatikani. Ni kweli, na nadhani ndiyo maana tunazipenda. Mtu ametoka kwenye shauri la kihamba lililoahirishwa kwa mara ya tisa. Usiku anawasha taa anasoma kitabu ambacho ndani yake uongo unafichuka, aliyesingiziwa anaachiwa, na kila kitu kinaisha kabla ya ukurasa wa mwisho. Hiyo ni pumziko, na pumziko si dhambi. Lakini msomaji aliyepumzika vizuri huamka na kudai kidogo cha yale aliyoyasoma. Ataanza kuona ajabu kwamba mtu anaweza kuitwa mwizi au mchawi na hakuna aliyeuliza neno.

Kwa hiyo, wazazi, kabla ya kumnyang'anya mtoto kitabu cha upelelezi, kisomeni pamoja. Vya Mzee Abdulla vikionekana maktaba, au kwenye meza za vitabu vikuukuu mjini, msivipite. Kiswahili chake ni cha Unguja, kitamu, na kitawafundisha methali ambazo wengi wetu wa bara hatukuzijua. Fikeni katikati ya kitabu, kisha mwulize mtoto: unamshuku nani? Akishakujibu, usimwambie amepata au amekosa. Mwulize tu, umejuaje?

Akizoea kulijibu swali hilo akiwa na miaka 12, pengine atakapokuwa na miaka 30, amesimama kwenye kundi la watu wenye fimbo, atakuwa na ujasiri wa kuliuliza kwa sauti. Kundi likiulizwa swali hilo husita kidogo, na katika kusita huko mtu huweza kupona.