Nilibadili Betri Tu



Shemeji yangu anaishi Ohio, Marekani, kwa miaka mingi sasa. Mwaka juzi alikodi shamba dogo nje ya mji ili alime sukuma wiki, mchicha na mahindi ya kuwauzia Waafrika wenzake. Kwa kazi hiyo alinunua trekta kuukuu, Ford 8N la mwaka 1949. Msimcheke. Kati ya 1947 na 1952 Ford iliunda matrekta ya aina hiyo zaidi ya 500,000, na mengi yanafanya kazi hadi leo.

Usiku mmoja wa mwezi Mei, majirani zake wakiwa wanapanda, alinipigia simu. "Shemeji, trekta limezimika katikati ya shamba na haliwaki tena. Na mimi nilibadili betri tu!"

Neno hilo "tu" ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Trekta hilo lilitoka kiwandani likitumia umeme wa volti 6. Asubuhi za baridi stata ilizunguka kwa kusuasua, na mtu mmoja akamshauri aweke betri ya volti 12. Aliiweka, injini ikawaka mara moja, naye akafurahi. Baada ya saa chache za kulima, koili ikaungua. Betri nayo ilikuwa inapungua tu, kwani dinamo ya volti 6 haiwezi kuijaza betri ya volti 12. Mbegu zikabaki stoo.

Kwetu jambo hili si geni. Wakubwa mtakumbuka zile Volkswagen zenye mgongo wa kobe, na pikipiki za zamani. Nyingi zilikuwa za volti 6, na mafundi wetu walizibadili.

Kwa nini watu huhamia volti 12? Nguvu ya umeme ni volti mara ampea. Volti zikiwa nusu, ampea lazima ziwe maradufu ili kupata nguvu ile ile. Chukua mfano wa stata ya volti 6 inayovuta ampea 200. Kwenye maungio pakiwa na kutu yenye ukinzani wa omu 0.005 tu, volti 1 nzima inapotea njiani kati ya 6. Kwa volti 12, nguvu ile ile ingehitaji ampea 100, na kutu hiyo ingekula nusu volti kati ya 12. Hasara inashuka kutoka sehemu moja ya sita hadi sehemu moja ya 24.

Lakini hesabu hiyo hiyo inatuambia jambo jingine. Mara nyingi ugonjwa si volti 6, bali ni kutu. Wengine wamefunga nyaya nyembamba za gari la volti 12 kwenye trekta la volti 6, kisha wanalaumu betri. Kabla ya kununua chochote, safisha vichwa vya betri, kwangua pale waya wa bodi unapofungwa, na uweke nyaya nene. Huenda shemeji angeponea hapo kwa gharama ya msasa.

Ukishaamua kubadili, badili vyote vinavyohusika. Koili iwe ya volti 12, au iongezewe rizista inayofaa. Balbu zote zibadilishwe. Dinamo itoke, iingie alteneta. Hapo pana mtego: Ford 8N liliundwa upande wa chanya wa betri ukiwa kwenye bodi, na alteneta za kawaida zinataka hasi ndiyo iwe kwenye bodi. Ukikosea, daiodi zake zinaungua papo hapo. Ukishageuza betri, nyaya za kipimo cha ampea nazo zibadilishane nafasi, la sivyo kitakuonyesha chaji inatoka wakati inaingia. Kuna alteneta ambazo waya wake wa swichi unahitaji kuwekewa daiodi. Bila hiyo unazima swichi na injini inaendelea kunguruma. Stata ya zamani inaweza kubaki, ila itazunguka kwa kishindo, basi usiikandamize muda mrefu.

Shemeji alifanya kazi hiyo Jumamosi nzima, na trekta sasa linawaka vizuri. Lakini mahindi ya mwaka ule aliyapanda akiwa amechelewa, na wateja wake wakanunua kwa wengine.

Nasi wa mjini tunalo "tu" letu. Tunaongeza friji tu, tunafunga redio kubwa garini tu, na nyaya ni zile zile za zamani. Safari ijayo fundi akikuambia ni kubadili kitu kimoja tu, muulize kwa upole: je, vingine vinavyotumia umeme huo huo vitakuwaje? Akikosa jibu, usimpe hata malipo ya awali.

Hadi juma lijalo, kwaherini.