Tanga: Bandari, Mpaka na Mali Inayopita



Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 273,332 katika Jiji la Tanga. Ile ya 2022 iliwakuta 393,429. Hilo si ongezeko dogo kwa mji ambao kizazi changu kiliuzoea ukisemwa kuwa umelala. Naomba jioni hii tusiishie kulishangilia. Tuulize ni kiasi gani cha mali inayopita Tanga hubaki mikononi mwa wakazi wake.

Swali hili lina historia. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea Usambara. Baadaye ikafika Moshi. Mkonge ukastawi hata Tanganyika ikaongoza duniani, na katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Walioukata waliitwa manamba. Waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, na wajukuu wao ni wenyeji wa Tanga leo. Lakini sehemu kubwa ya singa ilipakiwa melini ikiwa ghafi, ikasokotwe kamba ng'ambo. Nyuzi za viwandani zilipoiangusha bei, mji haukuwa na pa kuegemea. Mashamba yakarudi vichaka, na kiwanda cha mbolea, tegemeo la miaka ya 1970, nacho kikafungwa.

Sasa imekuja neema nyingine. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Mafuta hayo yana nta nyingi, kwa hiyo ni lazima bomba lipashwe moto njia nzima hadi Chongoleani, kaskazini mwa ghuba ya Tanga. Ni kazi kubwa ya uhandisi. Hata hivyo, ujenzi ukiisha, bomba huhitaji mikono michache, na meli inayopakia mafuta haina haja na kuli, dereva wa lori wala mama lishe.

Ndiyo maana mimi naipa bandari uzito zaidi. Kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba, na shehena ikashushwa kwenye matishari, kisha ikapakuliwa tena gatini. Mzigo mmoja ulibebwa mara mbili na kulipiwa mara mbili, na wafanyabiashara wa Arusha na Moshi wakaona afadhali waagize kupitia Mombasa. Gati sasa limechimbwa hadi kina cha mita 13, na meli inafunga kamba palepale. Kila kontena linalofunguliwa Tanga linahitaji wakala wa forodha, ghala, fundi na chakula cha mchana.

Na mpaka je? Tunaizungumzia Horohoro, kituo cha mpaka wetu na Kenya, kana kwamba ni mwisho wa nchi. Mstari ule ulichorwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, nao ulipita katikati ya Wadigo. Mpaka leo wanaoana, wanazikana na kuuziana kutoka Kwale hadi Tanga. Safari ya kwenda Mombasa ni fupi sana kuliko ya Dar es Salaam, na barabara ya lami imeifanya nyepesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina hati rahisi ya uasili kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, ili mwenye magunia machache ya machungwa ya Muheza avuke bila ushuru wa forodha. Lakini haki usiyoijua haikusaidii, na wapo wanaoendelea kupita njia za panya, wakihatarisha mtaji wao wote.

Kwa hiyo nina ombi kwa Halmashauri ya Jiji na kwa chuo hiki. Wekeni Horohoro ghala la baridi la matunda na samaki. Wapelekeni pale wanafunzi wetu wa biashara na sheria, wakae na wachuuzi, wawajazie hati hizo, na waandike ni bidhaa gani inavuka, kwa bei gani, na ni nani anayefaidika.