Ushirika na Paa la Mwanachama
Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi



 Waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za ghala, mizani na mnada wa korosho, na hesabu za miaka kumi zimo katika kitabu mlichopewa. Hatutazirudia. Sisi tumeagizwa kusema juu ya Mfuko wa Makazi, ambao Mkutano Mkuu utaukubali au kuukataa hapo kesho.

Yatupasa kuanza kwa kukiri kosa letu. Kwa muda wa misimu miwili mzee mmoja, mwanachama tangu siku ya kwanza, alikuwa akilala barazani mwa ghala la chama chake cha msingi. Kila asubuhi tulipofika na vitabu vyetu tulimkuta amekwisha kunawa uso, ameketi juu ya gunia lililokunjwa vizuri. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee," akatuitikia, "Marahaba, wanangu," nasi tukapita. Tulidhani ni mlinzi. Mlinzi naye alidhani ni mgeni wa Mwenyekiti. Jina lake lilikuwamo katika daftari letu, na kilo zake tulizijua mpaka nusu kilo. Tusilolijua ni mahali alipolala.

Siku moja ya masika alikuja dirishani kuuliza malipo ya pili, nguo zake zikichuruzika maji. Tulimwambia, "Mzee, nenda kwanza nyumbani ukabadili nguo." Akajibu kwa upole, "Hapa ndipo nyumbani, wanangu."

Tulipopeleleza tulipata habari yote. Mkewe alipougua, aliweka rehani mikorosho yake kwa mnunuzi wa kangomba, na kila msimu mavuno yalikwenda kulipa deni lisilokwisha. Mke akafariki. Nyumba ikakosa mtu wa kuiezeka, ukuta ukanyonya maji, ukaanguka. Watoto wake wako mijini, na wao wenyewe ni wapangaji wa chumba kimoja. Mzee aliona haya kusema, nasi hatukuuliza.

Vyama viwili vya jirani viliitisha msaragambo. Wengine walileta miti, wengine walikanda udongo, akina mama walichota maji na kupika, na Halmashauri ikatoa bati na misumari. Kazi ile haikuzidi siku tisa. Leo mzee yuko hapa miongoni mwetu. Ameturuhusu kusimulia habari yake, lakini ametukataza kutaja jina lake, nasi twamheshimu.

Tangu siku ile wanachama wengine wamesema waziwazi, nao wana haki ya kusema, kwamba ushirika wetu ni wa korosho, si wa nyumba. Kwamba asiye na makao ni shauri la ndugu zake au la Serikali. Neno hili lastahili kujibiwa kwa hoja.

Kwanza, tutazame asili ya ushirika wenyewe. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi wa mshahara mdogo, walichanga fedha wakafungua duka lao la unga, siagi na sukari. Duka hilo hutajwa katika kila darasa la ushirika. Lakini katika makusudi waliyoyaandika mwaka ule, mara baada ya duka walitaja nyumba: kwamba chama kitanunua au kujenga nyumba za wanachama waliotaka kusaidiana katika maisha yao. Na mwaka 1995, Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani ulipokutana Manchester ukaweka misingi saba, msingi wa saba ulikuwa ni kuijali jamii. Kwa hiyo nyumba si jambo geni lililoletwa na Katibu wenu.

Pili, tunao mfano hapa hapa nchini. Katika miaka ya 2007 na 2008, watu wa Kurasini, Dar es Salaam, walitakiwa kuhama ili bandari ipate nafasi ya kupanuliwa. Wenye nyumba walikuwa na haki ya fidia. Mpangaji hakuwa na kitu cha kulipwa, ingawa naye aliondoka na watoto, vyombo na mikeka. Baadhi ya watu hawa walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba ndogo ndogo, vilivyosaidiwa na shirika lisilo la faida liitwalo Centre for Community Initiatives, lililoanza mwaka 2004. Wakaunda Ushirika wa Nyumba wa Muungano, wakanunua ekari 30 huko Chamazi kwa shilingi milioni 24. Wanachama wenyewe, wake kwa waume, walijifunza kufyatua matofali na kujenga. Aliyekuwa na uwezo mdogo alianza na chumba kimoja, akiongeza kingine kwa kadiri alivyojaliwa, na mkopo ulirudishwa kidogo kidogo ili mwingine naye apate.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mepesi. Chamazi ni mbali na bandari, na mtu aliyezoea kutembea kwenda kwenye kibarua chake alijikuta anahitaji nauli. Marejesho ya mikopo nayo yana taabu zake pale kipato kisipokuwa na hakika. Nasi tumepata mafunzo mawili: nyumba iwe karibu na riziki ya mwenyewe, na anayeshindwa kulipa asihesabiwe sawa na anayekataa kulipa.

Sasa tuseme juu ya vijiji vyetu. Desturi yetu ni kusema kwamba kijijini hakuna mtu asiye na makao. Hilo si kweli. Yuko aliyekula fedha za kangomba kabla ya mavuno, akapoteza mikorosho kisha nyumba. Yuko mzee aliyebaki peke yake. Yuko aliyeunguliwa na moto. Na yuko mjane ambaye, kabla matanga hayajaondolewa, huambiwa na shemeji zake afungashe. Huyu wa mwisho yafaa ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, haikubali mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata na kutumia ardhi. Lakini sheria iliyomo kabatini haimfai anayelala jikoni kwa jirani. Yahitaji mtu wa kufuatana naye mpaka barazani.

Kwa sababu hizo Halmashauri yaleta mapendekezo haya. Kila mwanachama atoe shilingi 5 kwa kila kilo. Mwenye kilo 1,000 atatoa shilingi 5,000 kwa msimu mzima. Fedha hizo ziwe na akaunti yake, zisichanganywe kamwe na malipo ya mazao, na hesabu yake ibandikwe mlangoni mwa kila ghala. Kila chama cha msingi kichague watu watano, wawili kati yao wawe wanawake, wa kuwatafuta wahitaji bila kungoja waje kuomba. Mwenye nguvu akopeshwe. Mzee na mgonjwa wajengewe bila deni. Mjane apewe mtu wa kumsindikiza barazani. Mfuko utoe bati, saruji na misumari. Mikono itoke kwa majirani.

Tunajua mnayoogopa. Fedha za wakulima zimepata kupotea mahali pengi, na mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hatuwaombi mtuamini kwa maneno, twawaomba mtukague. Mwanachama yeyote atakayetaka kukiona kitabu cha Mfuko, siku yoyote ya kazi, asiambiwe arudi kesho.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuona ufa kila asubuhi kwa misimu miwili, tukauamkia na kupita. Katika miaka kumi tumejenga maghala mazuri, na hakuna korosho yetu inayolowa mvua. Mkipiga kura kesho, kumbukeni kwamba aliyeilima korosho hiyo naye yampasa kulala pakavu.