Rubani Yupo, Amesimama Chini



Chombo kinachoruka juu ya harusi zetu siku hizi kina majina mengi. Wengine wanakiita droni, wengine ndege nyuki kwa ule mvumo wake, na katika karatasi za ofisi kinaitwa ndege isiyo na rubani. Majina mawili ya mwanzo hayana neno. Hilo la tatu ndilo linaloponza watu. Kijana akisikia kwamba ndege haina rubani, anadhani hakuna wa kuulizwa. Aliyemkodi naye anadhani hivyo hivyo. Kumbe rubani yupo. Amesimama chini ya mwembe, rimoti mkononi, na yakitokea madhara atatafutwa yeye, kama anavyotafutwa dereva basi likipinduka.

Nayasema haya kwa sababu kazi hii imekwisha kupanda mlima hadi huku kwetu. Hapa Masasi na kule juu Newala, mpiga picha anayetaka kutajwa katika harusi na mikutano ya hadhara anatafuta ndege nyuki. Kesho atatakiwa apime mashamba ya mikorosho, na keshokutwa apulizie dawa. Ni kazi halali na ina pesa. Lakini wengi wanaoifanya wanajua bei ya chombo, hawajui masharti yake.

Sheria yenyewe si ya jana. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga uliotiwa saini Chicago mwaka 1944 unasema katika ibara yake ya 8 kwamba ndege iwezayo kuruka bila rubani ndani yake haitapita juu ya nchi nyingine bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Waliyaandika hayo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Hapa Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na mwaka 2018 zilitungwa kanuni maalumu za ndege hizi. Mwenye kutaka kuzitumia kwa biashara hana budi kupata ridhaa ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kibali cha TCAA. Akitaka kuruka ndani ya hifadhi ya taifa, TANAPA nao waridhie. Kununua chombo dukani, au kuletewa na ndugu aliye ng'ambo, hakumpi mtu ruhusa hata moja kati ya hizo.

Wapo wanaouliza jeshi linaingiaje katika picha za harusi. Swali hilo lisiulizwe na mtu wa Newala. Anayesimama Shimo la Mungu anaona ardhi ikiporomoka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Oktoba 2020 wapiganaji waliotoka ng'ambo hiyo walivuka na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu Mtwara. Askari wa mpakani anayeona kitu kinavuma angani hawezi kujua kama kinampiga picha bibi harusi au kinapeleleza kambi. Karatasi iliyopelekwa mapema ndiyo inayomjulisha. Na upepo ukikisukuma chombo hadi ng'ambo, kijana wetu ameingia nchi ya watu bila ruhusa, naye hajainua mguu kutoka kijijini kwake.

Tuyaache ya karatasi, tuje kwenye usalama wenyewe. Kikomo cha kimo kinachotumika katika nchi nyingi ni futi 400, yaani mita 120 hivi kutoka ardhini. Namba hiyo ina maana. Ndege ndogo yenye watu, rubani wake akiongozwa na macho, kwa kawaida haitakiwi kushuka chini ya futi 500 isipokuwa inaporuka au kutua. Hizo futi 100 zilizobaki katikati ndizo ukuta kati ya mwenye harusi na mwenye safari. Karibu na kiwanja cha ndege ukuta huo haupo, maana pale ndege hushuka hadi chini. Ndiyo sababu viwanja huwekewa mipaka yao. Viwanja vidogo kama vya Masasi na Newala huwahadaa watu, kwa kuwa vinaweza kukaa siku nyingi kimya. Ndege inayokuja bila ratiba huenda imemfuata mgonjwa.

Sasa hapa kwetu kuna mtego ambao kitabu cha chombo hakiutaji kwa jina. Ndege hizi kwa kawaida huhesabu kimo kuanzia mahali ziliporukia. Mtu akiirusha kutoka ukingoni mwa mlima pale Newala, ikapaa mita 100 na kuelekea bondeni, rimoti itaendelea kumwambia mita 100. Lakini ardhi chini yake imekwisha kushuka, na chombo sasa kiko mamia ya mita juu ya mashamba ya watu, katika anga ya ndege zenye abiria. Amevunja sheria bila kugusa kitufe. Hapa Masasi mtego umegeuka. Milima yetu ya mawe, kama Mkomaindo na Mtandi, imesimama katikati ya makazi. Chombo kikipoteza mawasiliano hujaribu kurudi chenyewe kwa kimo kilichopangiwa. Kama kimepangiwa mita 30, na kati yake na mwenyewe kuna mwamba, kitarudi vipande vipande.

Kanuni ya pili ya usalama ni kukiona chombo kwa macho wakati wote. Januari 9, 2025, mji wa Los Angeles, Marekani, ulipokuwa unaungua, mtu mmoja alirusha droni kutazama moto. Ilikwenda zaidi ya kilomita mbili mpaka haioni tena, ikagongana na ndege iliyokuwa inamwaga maji kuzima moto huo na kulitoboa bawa lake. Ndege ikatua salama, lakini ikaondolewa kazini wakati nyumba za watu zikiteketea. Rubani wake hakuwa angani, lakini alipatikana, na alikiri kosa mbele ya sheria.

Kuna usalama wa mwili na kuna usalama wa heshima. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, familia yake na nyumba yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inagusa picha ya mtu anayetambulika. Ua wa makuti ulijengwa kumzuia mpita njia. Hautamzuia anayepita juu. Ikifika misimu ya jando na unyago, nani kati yetu angependa wari wetu waonekane katika simu za watu? Mambo ya kumbini hayaonwi na asiyechezwa. Manyakanga wetu wamelilinda hilo kwa vizazi. Mpiga picha mwenye adabu atauliza kwanza kilicho nyuma ya ua wa jirani, si cha aliyemlipa peke yake.

Halafu kuna dawa. Mkulima wa korosho anajua taabu ya kubeba bomba la salfa mgongoni ili kuzuia ubwiriunga, vumbi likimwingia machoni. Ndege nyuki inaweza kumpunguzia taabu hiyo. Lakini chombo cha kupulizia si kile cha harusini. Hubeba lita 10 na kuendelea za dawa, na uzito wake ukianguka unaua. Dawa inayotoka juu huchukuliwa na upepo, nasi watu wa uwanda wa Makonde tunaishi kwa maji ya mvua tuliyoyakinga kutoka mabatini. Dawa iliyotua juu ya bati leo itakuwa ndani ya tangi mvua ya kwanza ikinyesha. Kwa hiyo kazi hii ina msimamizi wa pili, ambaye ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Anayepulizia bila ridhaa yao amekosea mara mbili.

Kuna watakaosema kwamba masharti mengi huua kazi. La hasha. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupimwa kwa ndege hizi, Unguja na Pemba, kwa vibali. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba ndege nyingine ya namna hii ilikuwa imejaribiwa kupeleka dawa za hospitali kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60, kwa dakika 40 hivi. Rwanda imekuwa ikisafirisha damu kwa njia hii tangu Oktoba 2016. Kote huko sheria ilitangulia, kazi ikafuata.

Hata hivyo, haki isemwe pande zote. Kijana wa Newala akilazimika kupanda basi siku nzima kwenda Dar es Salaam, alale, asubiri, arudi, kisha aitwe tena, atakata tamaa. Atarusha kwa kuvizia, au ataiacha kazi hiyo kwa makampuni ya mjini yanayoweza kulipia safari. Mikorosho ni yetu, na pesa ya kuipima itakwenda na wageni. Ombi langu kwa TCAA ni kwamba, kabla mikorosho haijaanza kutoa maua, waje Mtwara na wafike Masasi, wawakusanye vijana hawa, wawafundishe, wawapime na kuwasaidia kujaza maombi. Anayefuatwa kwa elimu hatakimbia akifuatwa kwa ukaguzi.

Nanyi mnaokodi, wenye harusi, wagombea, vyama vya msingi na halmashauri, msijifanye hamhusiki. Kabla ya kulipa, mwulizeni huyo rubani aliyesimama chini mambo matatu. Kibali kiko wapi, na kina jina lake na namba ya chombo hicho? Ana bima ya kumlipa mtu mwingine akidhurika? Na chombo kikizimika angani, kitaangukia wapi? Asiyeweza kujibu la tatu asiruke juu ya watoto wenu, hata kama karatasi zake zimetimia. Mapanga ya chombo hicho hayachagui kichwa cha kukata.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Anga ya Masasi ni ya sisi sote, mwenye chombo na asiye nacho, na anayeitumia kwa faida hana budi kuonyesha ruhusa yake.