Jipime Kabla ya Kunyanyua Chuma

(Mazungumzo na vijana wa vikundi vya mazoezi)

Sikuja kuwahimiza mfanye mazoezi, maana hilo mnalifanya tayari. Nimekuja na swali: kabla hujanyanyua kile chuma cha saruji, umewahi kuupima mwili wako?

Fundi mwashi hajengi ukuta bila timazi. Sisi je? Tukiona rafiki ana kifua, basi nasi mbio kwenye kifua. Kila siku pushapu. Mgongo na miguu tunaisahau. Misuli ya kusukuma inapata nguvu, ya kuvuta inabaki nyuma.

Basi jipimeni wawili wawili, wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana. Dakika 10 zinatosha, na hakuna gharama.

1. Mkao. Ning'iniza jiwe kwenye uzi. Mwenzio asimame kando yake bila viatu, kama kawaida, asijikaze. Ukimtazama ubavuni, uzi upite karibu na sikio, bega, nyonga, goti, na mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Lakini jamani, msitishane! Hakuna mtu aliyenyooka kama rula. Bega moja kushuka kidogo si ugonjwa, na mkao peke yake hautabiri nani ataumia. Angalia tofauti kubwa, au ile inayokuja na maumivu.

2. Mizani. Simama kwa mguu mmoja, mikono kifuani, macho wazi. Kijana mwenye afya hufikisha sekunde 30 bila shida. Badilisha mguu. Je, upande mmoja unayumba zaidi? Huo ndio wa kuufanyia kazi.

3. Kuchuchumaa. Chuchumaa polepole mara 5, mwenzio akiwa mbele yako. Magoti yakiingia ndani na kukaribiana, punguza uzito kwanza. Jifunze kuyaelekeza kwenye vidole vya miguu, na imarisha makalio na mapaja.

4. Kuinama. Unganisha viganja, nyoosha magoti, inama mbele. Mwenzio atazame mgongo kutoka nyuma. Daktari William Adams wa London alikieleza kipimo hiki mwaka 1865, na hadi leo kinatumika. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, huenda uti wa mgongo umepinda.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kupinda huku mara nyingi huonekana katika umri wa kubalehe, na wasichana ndio huzidiwa zaidi. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Si laana, si kosa la mtu, wala si kwa sababu ya begi la shule. Akigunduliwa angali anakua, mkanda maalumu wa kuvaa unaweza kuzuia mgongo usizidi kupinda. Akichelewa, nafasi hiyo inapita. Kwa hiyo ukimwona mwenzio hivyo, usimwite "kibiongo". Mwambie faraghani, tena msindikize hospitali.

Utasema, "Haya yote yana faida gani?" Mwaka 2008 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wasichana wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza soka. Waliopasha mwili kwa mazoezi ya mizani, nguvu na kutua vizuri walipata majeraha pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko wenzao. Hawakuhitaji mashine za bei mbaya, ila dakika 20 hivi na nidhamu.

Kanuni ni rahisi. Ukisukuma, vuta pia: jivute kwenye bomba au tawi imara. Ukifanya kifua, fanya na mgongo. Anza na upande dhaifu, na wenye nguvu usiuzidishie. Jipime tena baada ya wiki 6.

Ila ukisikia ganzi, mguu kuishiwa nguvu, au maumivu yanayokuamsha usiku, acha chuma, nenda kwa daktari. Huo si uoga, ni akili.

Haya, tafuteni mwenzi na uzi, tuanze sasa hivi.