Kusoma Picha za Mapapa wa Zamani

Mlioketi mbali na redio, jongeeni karibu. Na wewe unayelisoma somo hili karatasini, soma polepole, tena kwa sauti ukipenda.

Leo tutaziacha herufi kidogo tusome picha. Picha nayo husomwa. Asiyejua kuisoma aweza kupotezwa nayo, kama vile asiyejua herufi awezavyo kupotezwa na hati ya shamba lake mwenyewe.

Tuanze karibu. Katika nyumba nyingi za Wakatoliki, mjini Arusha na vijijini chini ya Mlima Meru, utaona picha ya Papa ukutani, mara nyingi juu ya kalenda. Wengine wanayo picha ya Yohane Paulo wa Pili, aliyefika Tanzania Septemba 1990 na kupita Moshi, jirani zetu. Amevaa kanzu nyeupe na kikofia cheupe. Au, ikiwa ni wakati wa misa, amevaa kofia ndefu kama ya askofu yeyote. Lakini ukifungua kitabu cha zamani cha watakatifu, utamwona Papa mwingine ana kofia ndefu iliyozungukwa na mataji matatu, moja juu ya jingine. Je, kwa nini huyu anayo na yule hana?

Kwanza tujue kwamba wachoraji wa zamani walitumia alama. Nasi tunazo. Ukimwona mzee wa Kiarusha ameshika rungu jeusi la heshima, huulizi ni nani. Wajua kuwa ni laigwanani. Vivyo hivyo, mzee wa Ulaya aliyechorwa na funguo mkononi ni Mtume Petro, kwa sababu ya maneno ya Injili juu ya funguo za ufalme wa mbinguni. Na Papa mwenye njiwa karibu na sikio lake ni Gregori Mkuu. Njiwa yule ni Roho Mtakatifu, anamwambia la kuandika.

Huyu Gregori anatuhusu sana sisi wa darasa la kisomo. Alikuwa Papa tangu mwaka 590 hata alipokufa mwaka 604. Siku zile askofu mmjoja wa mji wa Marseille, jina lake Serenus, alizivunja picha za kanisani kwake, akiogopa watu wasije wakaziabudu. Gregori alimwandikia barua. Alimsifu kwa kukataza zisiabudiwe, lakini alimkemea kwa kuzivunja. Sababu yake ilikuwa hii: picha ni kwa mtu asiyejua kusoma kama vile maandishi yalivyo kwa mtu anayesoma. Asiyeweza kusoma kitabu na asome ukutani.

Neno hilo lilishikwa karne nyingi, na kwa hakika lilikuwa neno la huruma. Lakini hebu tumtazame Gregori mwenyewe. Wachoraji wengi wa miaka ya 1400 na 1500 walimchora amevaa mataji matatu. Katika maisha yake hakuyavaa kamwe, maana taji la tatu liliongezwa katika karne ya 14, miaka 700 hivi baada ya kifo chake. Mchoraji alimvika Papa wa kale mavazi ya mapapa aliowajua yeye. Basi mtu asiyejua kusoma, aliyeambiwa kwamba ukuta ndio kitabu chake, aliondoka akiamini kuwa mapapa walikuwa na mataji hayo tangu mwanzo. Angepata wapi habari nyingine?

Taji hilo lilidumu mpaka wakati ambao wazee wetu wanaukumbuka. Yohane wa Ishirini na Tatu, aliyelianzisha Jimbo la Arusha mwaka 1963, alivikwa taji hilo mwaka 1958. Aliyemfuata, Paulo wa Sita, alivikwa vilevile mwaka 1963, lakini Novemba 1964 aliliweka taji lake juu ya altare ya Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, kwa ajili ya maskini. Tangu hapo hakuna Papa aliyevikwa.

Sasa njoo katika jumba la mapapa mjini Roma. Ukutani kuna picha kubwa ya Raphael, iliyomalizika mwaka 1514. Yaonyesha jambo la mwaka 452, Papa Leo wa Kwanza alipomwendea Attila, mfalme wa Wahun, kumwomba asiushambulie mji wa Roma. Petro na Paulo wako angani na panga mikononi. Farasi wanashtuka. Papa ametulia juu ya mnyama wake. Lakini uso ule si wa Leo wa Kwanza! Ni wa Leo wa Kumi, aliyechaguliwa mwaka 1513, wakati Raphael yumo kazini. Tena, watu wale walikutana mbali na Roma, kaskazini mwa Italia, lakini nyuma yao mchoraji ameweka majengo ya Roma. Picha inamwambia mtazamaji: Papa wako wa leo ndiye anayewazuia maadui mlangoni pako. Aliyekuwa akiilipia kazi ile ni nani? Ni Papa mwenyewe.

Isiwe mkadhani kwamba picha zote za mapapa zilikuwa za sifa tupu. Raphael huyohuyo alimchora Julio wa Pili ameketi kitini, mzee, ameinamisha macho, kitambaa mkononi, bila taji. Ana ndevu ndefu nyeupe. Alizifuga wakati wa vita, kwa nadhiri, akazinyoa mwaka 1512. Ndiyo maana wajuzi wanaweza kusema picha ilichorwa mwaka gani. Iko London. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha bora kuliko zote nilizozitaja, maana ndani yake namwona mtu.

Wengine walichora kwa kushambulia. Mwaka 1521, huko Wittenberg, Lucas Cranach alichora kijitabu cha picha mbili mbili, kumtetea Martin Luther. Upande mmoja Kristo anawaosha wanafunzi wake miguu. Upande wa pili Papa ananyosha mguu wake ubusiwe. Upande mmoja taji la miiba. Wa pili mataji matatu. Huku Meru Walutheri na Wakatoliki ni majirani na wakwe, tena huzikana, nami sisemi haya kuwachokoza. Nasema ili mwone kwamba taji lilelile, lililochorwa ili liheshimiwe, lilichorwa tena ili lichukiwe.

Mwisho, twende mlangoni pa Kanisa la Mtakatifu Petro. Mlango wa katikati ni wa shaba nyeusi, kazi ya fundi Filarete, uliomalizika mwaka 1445. Petro anampa funguo Papa Eugenio wa Nne, naye Papa amepiga magoti. Kati ya picha kubwa kuna mikanda myembamba yenye watu wadogo. Tazama vizuri hapo: ni watawa wa Misri na wa Uhabeshi, ndiyo Ethiopia. Waafrika hawa walifika Italia mwaka 1441, Papa alipokuwa akitafuta umoja wa makanisa. Papa ameketi katika kiti chake. Mbele yake abate Andrea wa Misri amepiga magoti, anapokea hati ya umoja.

Mlango unasema: umoja umekwisha kupatikana. Lakini Wahabeshi wale hawakutumwa na mfalme wao, Zara Yakob. Walitumwa na Nikodemo, mkuu wa watawa Wahabeshi waliokaa Yerusalemu. Umoja ule haukushika. Kanisa la Uhabeshi liliendelea kupokea askofu wake kutoka Misri mpaka karne ya 20. Shaba haikubadilishwa. Kanisa la zamani lilipoanza kubomolewa mwaka 1506 na jipya kujengwa, mlango ulihamishwa. Kwa kuwa ulikuwa mfupi, uliongezwa vipande juu na chini. Hata leo uko pale, na Waafrika wale wamo, wadogo mno, ni rahisi kuwapita.

Kazi ya kikundi kwa juma hili: kila mmoja alete picha moja yenye watu, ya kanisani, ya msikitini, ya kalenda au ya gazeti. Andikeni majibu ya maswali haya katika madaftari. Nani ameketi, na nani amesimama au amepiga magoti? Nani amechorwa mkubwa? Nani aliilipia? Wasiojua bado kuandika sentensi nzima waandike majina tu. Kwaherini.