Asili ya Neno "Boi"

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Soweto, Moshi)



Nimetakiwa niseme kidogo juu ya neno moja la Kiingereza ambalo wengi wetu tulilisikia kabla hatujajua kusoma. Neno hilo ni "boy", nasi kwa Kiswahili twalitamka boi.

Shuleni tulifunzwa ya kuwa maana yake ni mtoto mwanamume. Kwa hiyo wengi hudhani neno lilianza kwa mtoto, kisha Wazungu wakampa mpishi wao na dobi wao, kwa dhihaka au kwa mapenzi. Sivyo. Katika maandiko ya Kiingereza ya zamani sana, yapata mwaka 1300, "boy" ni mtumishi, au mtu duni asiye na ukoo; maana ya mtoto ilishika nguvu baadaye. Tena wako wataalamu wasemao kwamba latokana na neno la Kifaransa cha kale la kumtia mtu minyororoni, ambalo mzizi wake ni "boia" ya Kilatini, yaani pingu.

Maneno mengine ya ujana yalipata bahati. "Knight", yule shujaa wa kupanda farasi, hapo kale maana yake ilikuwa kijana tu, kisha mtumishi, kisha likapanda cheo. Ndugu yake wa Kijerumani, "Knecht", alibaki kuwa kibarua wa shamba.

Boi lilipofika kwetu halikuja na mtoto. Lilikuja na kazi peke yake. Ndipo tukapata shamba boi na tandiboi, na mtu mwenye wajukuu huitwa hivyo na watoto wa tajiri wake.

Mtaa wetu huu una jina lililotungwa Johannesburg mwaka 1963 kwa vipande vya maneno matatu, South Western Townships. Huko, zamani za ubaguzi, mzee mwenye mvi aliitwa "boy" na kijana mweupe. Na huko Memphis, Marekani, mwaka 1968, wazoa taka waligoma wakabeba mabango yenye maneno haya tu: Mimi ni mwanamume. Asiyejua habari za "boy" hataelewa kwa nini watu waandike jambo lionekanalo kwa macho.

Nasi tusijisifu. "Msichana wa kazi" huitwa msichana hata akizeeka jikoni mwetu.

Kutumika si aibu. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, Tanga, mwaka 1922, waliliweka neno mtumishi katika jina la chama chao bila haya. Lakini hilo walijichagulia wenyewe. Boi mtu hubandikwa na mwingine.

Wala hatukosi maneno. Tandiboi ni utingo. Shamba boi ni mtunza bustani. Na boi wa nyumbani ni mtumishi, jina lile lile letu sisi tulioketi hapa, ila yeye yuko jikoni nasi tuko ofisini.